Mnofu wa Chini ya Figo

Muleba, kibandani kwangu, jioni

Koku mwanangu,

Nimewakimbia shangazi zako. Nyumbani kwetu Ijumbi hakuna hata pa kuweka mguu tangu asubuhi: mmoja anakupaka samli, mwingine anaimba, wa tatu anakueleza mambo ambayo baba hapaswi kuyasikia. Nikasema naenda kukagua kibanda changu cha nyama, kana kwamba kibanda kitupu kina miguu ya kutoroka. Nilipotoka nimebeba kiti changu begani walicheka sana. Shangazi yako mkubwa akauliza, “Unahama na wewe? Nani atabaki na mkeo?” Nikamwacha acheke. Habari ya kiti nitakuambia mwishoni.

Nimekaa mbele ya gogo langu la kukatia nyama. Nimelikwangua na kulikausha, na juu yake nimeweka karatasi nilizoomba kwa mwalimu wa misheni. Aliniuliza nataka ngapi, nikamwambia anipe zote alizo nazo. Jua bado halijazama, nami nataka nimalize mapema, barua hii mama yako akupe leo hii hii kabla hujalala.

Utashangaa naandika Kiswahili, sisi ambao nyumbani hatukisemi ila akija karani au Mhindi wa vitambaa. Jana nilijaribu kwa Kihaya. Niliandika jina lako na mstari mmoja, nikakwama. Kwa Kihaya sijawahi kumsikia baba akimwambia binti yake haya ninayotaka kukuambia, basi sina pa kuigia. Kiswahili nilifundishwa na walimu kwa miaka minne ya shule, hakijui mimi ni mtoto wa nani, ndiyo maana kinanivumilia.

Sitasema habari za kuamka mapema wala za kupika ndizi. Hayo mama yako ameyamaliza, na ukiongezewa zaidi yatamwagika. Mimi nataka kusema habari ya mguu wako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ulipoumwa, na leo u mwanamke wa kuolewa, lakini mimi na wewe hatujauzungumza hata siku moja. Tumepishana nao kila siku mlangoni kama mgeni ambaye kila mmoja anadhani aliitwa na mwenziwe.

Wewe ni mtoto wa mchinjaji, sarara unaijua. Ni ule mnofu mrefu unaolala ndani kabisa, pande mbili za uti wa mgongo, chini ya figo, ukashuka mpaka kwenye nyonga. Kwa nje huuoni. Lazima ng'ombe apasuliwe, atolewe matumbo na figo, ndipo uukute umelala pale kama mtu aliyejificha mvua. Ni nyama laini kuliko zote. Bwana wa kilimo humtuma mpishi wake aichukue na sahani yenye kifuniko, na mzee wa gombolola, mkuu wa tarafa yetu, huniambia nimwekee kipande kabla ya wengine. Ningeweza kuitoa nimefumba macho, kwa vidole tu, kisu nikakitumia mwisho. Watu walikuwa wakisimama kunitazama, nami nikajiona fundi. Miaka yote hiyo sikujiuliza hata mara moja sarara inamfanyia nini ng'ombe aliye hai. Kwangu mimi ilikuwa nyama ya wakubwa, basi.

Mwaka ule ulianza kuchoka. Wewe uliyekuwa ukikimbia kwenda kisimani na kurudi na mtungi kichwani bila kumwaga tone, ukawa unatua mtungi njiani mara mbili, mara tatu. Ukawa unasimama umeegemea mguu mmoja. Ukiinuka mkekani ulikuwa unajisukuma kwa mikono, kama bibi yako. Ukilala, ulilala upande na goti la kulia umelikunja mpaka karibu na tumbo. Saa nne asubuhi uso wako ulikuwa tayari uso wa jioni.

Mama yako ndiye aliyeona. Aliniambia nikiwa nanoa visu, “Mtoto huyu anaumwa.”

Nikamjibu, “Anaumwa uvivu. Shule imemwonyesha kiti.”

“Haombi kiti. Analala na goti tumboni.”

“Wewe ndiye unamfundisha kudeka.”

Mama yako akaenda kuchambua maharage. Unamjua, akinyamaza hivyo huwa hajakubali. Mimi nikaenda zangu nikijisemea samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo niliipenda sana zamani. Siku hizi nikiisikia mtu akiisema naondoka.

Kisha ikaja siku ya wageni. Nilikuwa naomba ruhusa ya kujenga kibanda hiki unachokijua, hapa karibu na njia ya mabasi, na mkungu, yule mkuu wa kijiji chetu, akaja nyumbani pamoja na mzee mmoja wa Kishanda kunisikiliza. Mama yako alitandaza nyasi mpya sebuleni. Nikakuita ulete kahawa ya kutafuna. Ukaja na kikapu kidogo, taratibu mno, nami nikaanza kuona haya kabla hujafika. Wenzako wa rika lako walikuwa wakipiga magoti mawili, mgongo umenyooka, macho chini, kikapu kwa mikono miwili. Wewe ulitua goti moja. Mguu wa kulia ukauacha umekunjwa pembeni, mkono mmoja ukashika chini, na kahawa ukaitoa kwa mkono mmoja. Mbele ya mkungu. Nilikuambia kwa Kihaya ukae vizuri, na wewe ukajaribu, ukashindwa, ukaketi kabisa kitako.

Mkungu akacheka kidogo, akasema, “Mabinti wa shule hawa, wao wanamsalimia Bwana Mungu tu.”

Mzee wa Kishanda hakucheka. Alichukua kahawa yake akaitazama kama amepewa jiwe. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimengoja kibanda hiki kwa muda mrefu, nikaona kinaniponyoka kwa sababu ya goti la mtoto.

Walipoondoka nilikupigisha magoti mlangoni. Magoti yote mawili, mgongo umenyooka. Nikakuambia utakaa hivyo mpaka mama yako amalize kuchambua maharage ya kikapu kizima. Unakumbuka ulichosema? Mimi nakumbuka. Ulisema, “Bojo tata, tafadhali baba, kiuno kinawaka moto.” Nami nikakujibu, “Kinachowaka ni kiburi, acha kiungue kiishe.” Mama yako akaanza kuchambua kwa haraka, anatupa mbegu nzuri pamoja na mbaya ili kikapu kiishe upesi. Nilimwona. Nikamwambia arudie.

Koku, nimechinja ng'ombe sijui wangapi, na sijui kama kuna siku niliyokuwa na mkono mgumu kuliko siku ile ambayo sikushika kisu.

Baada ya siku tatu ukapata homa. Goti lilikuwa limeganda tumboni, halishuki. Hapo nikaogopa, lakini ujuaji wangu haukuogopa. Nilisema ni nyonga imeteguka, mimi najua viungo, ndama nimewarudishia wengi. Nikamwambia jirani akushike mabega, nikashika kisigino chako nikakivuta. Ulilia sauti ambayo mpaka leo nikisikia bawaba ya mlango huu natazama nyuma. Kisha ukazimia. Jirani akakuachia, akanitazama, akasema, “Hii si kazi ya mchinjaji.” Akatoka kwenda kuita watu wa machela.

Walikubeba kwa kupokezana mpaka hospitali ya misheni. Watu wa Ijumbi hawakuniuliza kitu, walitoa mabega yao tu. Niliomba nami nibebe, wakanipa zamu fupi, kisha mmoja akanivua mti wa machela begani bila maneno. Nilifuata nyuma nikishika ndoo ya maji.

Daktari alikupasua ubavuni, karibu na nyonga, ukatoka usaha mwingi kuliko nilivyofikiri mwili wa mtoto unaweza kuubeba. Mimi nilikuwa nje. Baadaye akatoka dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu wa Karagwe, mnene, mpole, akifuta mikono. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nachinja.

“Basi hutanipa taabu,” akasema. “Sarara unaijua?”

“Naijua.”

“Binti yako ana jipu ndani ya sarara. Huku kulia.”

Nilikaa chini palepale kwenye mawe.

Akachuchumaa karibu yangu akanieleza bila haraka, na nakuandikia maneno yake kama nilivyoyashika, maana ni mwili wako na hakuna aliyekuambia. Alisema ng'ombe ana miguu minne, amejitegemeza kama meza, kwa hiyo mnofu ule kwake una kazi ndogo, ndiyo maana ni laini. Mtu amesimama kwa miwili. Kwake mnofu huo ndio kamba inayofunga mgongo na mguu. Ukiinua paja kupanda ngazi, ndio unaoinua. Ukisimama wima, ndio unaoshikilia kiuno kisianguke mbele wala nyuma. Na huku juu, alisema, umepakana na ule utando wa ndani unaosukuma pumzi, kwa hiyo ukiumwa, hata pumzi inakuwa fupi. Mtoto anahema juu juu, hashibi hewa, anachoka kabla ya kuanza kazi. Watu wanamwita mvivu. “Mvivu,” alisema, “anachoka akiona kazi. Huyu alikuwa anachoka akiwa amelala.”

Nikamuuliza kuhusu kupiga magoti. Nilijifanya nauliza tu.

Akasema mgonjwa wa namna hiyo hukunja mguu kwa sababu ukikunjwa mnofu unalegea kidogo. Kumpigisha magoti wima ni kuuvuta ukiwa umejaa usaha. “Ni kama kuvuta jipu kwa kamba,” akasema. “Kwa nini, alipigishwa?”

Nikasema hapana.

Nilimdanganya mtu aliyekuwa na damu yako mikononi. Hilo nalo sijamwambia mtu mpaka leo.

Akaongeza jambo moja alipokuwa anainuka. Alisema hata mtu mzima mwenye afya, akiogopa, mnofu huo hukaza upesi sana, kwa sababu mwili unataka kujikunja ulinde tumbo. Na mtu akiishi na hofu siku zote, unakaa umekaza siku zote, naye anazunguka amechoka bila kujua kwa nini. Wakati ule sikuelewa kwa nini ananiambia hayo. Labda hakuniamini niliposema hapana.

Ulikaa hospitali muda mrefu. Uliporudi, mnofu ulikuwa umepona lakini umefupika, kama ngozi iliyokauka bila kuwambwa. Dresa alituonyesha dawa yake: kila asubuhi ulale chali ukingoni mwa kitanda, goti zima ulishike tumboni, mguu mgonjwa uning'inie nje wenyewe kwa uzito wake, bila kuvutwa, uvute pumzi mpaka tumboni, utoe polepole. Mwanzoni nilikaa nawe mimi. Nilikuwa naweka kiganja changu chini ya kisigino chako, kile kile nilichokivuta, nikisubiri kishuke. Ulikuwa unatazama paa. Siku nyingine kisigino kiligusa kiganja changu, nikafurahi kimoyomoyo siku nzima, hata wateja walipata mifupa michache.

Kisha jirani mmoja akapita akatuona, akaniuliza tangu lini baba ananyonyesha. Nami nikaacha. Nilisema mtoto amepona, sasa anatembea, inatosha. Mama yako akaendelea peke yake alipopata nafasi, naye nafasi hana. Dresa alikuwa amesema mwaka mzima. Mimi nilichoka kabla ya mvua za kwanza kuisha, na mguu wako ukabaki ulivyo, mfupi kwa vidole viwili, na kiuno kinachouma ukisimama sana. Kama ningeendelea labda ungenyooka. Labda usingenyooka. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja kabla hujanizalia wengine.

Badala ya kukuomba radhi nilikuletea maini. Kila Jumamosi, maini mazuri, yamefungwa kwenye jani la mgomba. Ulikula ukasema asante tata, na mimi nikajidanganya kwamba yamekwisha.

Sasa nikuambie nililoliona mwaka jana, wakati wa senene. Nilikuwa kibanjani, nyuma ya migomba, nakata majani ya kufungia nyama. Ulikuwa unatoka kisimani na mtungi, hukujua kama nipo. Ulikuwa unatembea vizuri, Koku. Ulichechemea kidogo tu, kama mtu mwenye kijiwe kiatuni, na ulikuwa ukiimba. Nikafurahi, nikataka nikusemeshe, nikakohoa. Ulisikia kikohozi changu na mwili mzima ukabadilika. Kiuno kikajifunga, mguu ukajikunja, bega likashuka, ukaanza kuburuta. Wimbo ukakatika. Hukuwa umeniona, ulinisikia tu. Nikakumbuka maneno ya yule mtu wa Karagwe, nikabaki nimesimama kati ya migomba na majani mkononi mpaka ukapita.

Tangu siku hiyo nilijua. Lakini kujua na kufanya si ndugu.

Walipokuja wachumba ulikuwa wakati wa kulisema. Wazee sita, wameketi sebuleni kwetu, na mshenga akauliza kama ilivyo desturi, “Binti yenu ana neno lolote mwilini ambalo tungepaswa kulijua?” Nilikuwa na nafasi ya maneno mawili tu. Nikasema, “Mtazameni wenyewe,” nikakuita.

Ukaja na kikapu cha kahawa. Ukapiga magoti mawili mbele ya mzee wa kwanza, mgongo umenyooka, macho chini. Ukainuka, ukapiga magoti mbele ya wa pili. Ukaenda hivyo mpaka wa sita, na baada ya wa sita ukabaki umepiga magoti pale kwenye nyasi, kwa kuwa mimi sikukuambia inuka. Tukazungumza mambo yetu. Niliona jasho juu ya mdomo wako. Niliona pumzi imekuwa fupi. Nami, Mungu anisamehe, nilijivuna. Walipoondoka nikamwambia mama yako, “Umeona?” Alikwenda kuchemsha maji ya kukukanda, na siku mbili hukuonekana shambani.

Nilidhani unanisaidia kuficha. Nilifikiri wewe na mimi tumekuwa washirika, tunawauzia watu ng'ombe bila kuwaonyesha mguu. Ndivyo nilivyofikiri, na ni heri uyajue kutoka kwangu.

Jumatatu iliyopita nilimsikia shangazi yako akikufundisha utakavyompigia magoti mama mkwe wako kila asubuhi, na baba mkwe, na kila mzee atakayepita. Nawe ukawa unaitikia, ndiyo shangazi, ndiyo shangazi, kwa sauti ya mtu anayehesabiwa viboko. Nikaona miaka yako yote mbele. Wakwe zako, ambao hawajui, wataona goti limechelewa, watasema kiburi. Nani atakuwa pale kukutetea? Mama yako yuko huku.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa nakuficha. Jumanne nikafunga kibanda, nikatoa sarara ya ng'ombe niliyemchinja alfajiri, nikaifunga kwenye jani, nikapanda basi kwenda Bukoba. Wewe uliambiwa nimekwenda kutazama ng'ombe. Tangu siku ile ya hospitali mimi mwenyewe sarara siili, lakini sikuona zawadi nyingine ya kuendea neno lile.

Mzee Ishengoma, baba mkwe wako, alinipokea vizuri. Alikuwa barazani anatafuna kahawa, ziwa linaonekana kwa chini. Nilikataa kukaa. Nilimwambia nimekuja kurudisha neno langu, kwamba binti niliyesema wamtazame wenyewe ana mguu mgonjwa tangu utoto, hawezi kupiga magoti bila maumivu, huchoka upesi, na kosa ni langu. Kama wakitaka kuvunja, wavunje leo.

Aliendelea kutafuna. Kisha akasema, “Tulijua.”

Nikamuuliza amejuaje.

“Binti yako alimwambia Daudi siku ile ile Daudi alipomtajia kuoana. Alimwambia kila kitu, kovu na vidole viwili. Daudi akatuambia sisi kabla hatujatuma mshenga. Mke wangu akasema, ana akili, anaongea kweli, mleteni.” Akatema ganda la kahawa, akanitazama. “Siku ile kwako mimi nilikuwa wa nne. Alipopiga magoti mbele yangu nilitaka kumwambia aache. Mshenga akanigusa goti, maana si vizuri kumfundisha mtu nyumbani kwake. Tulikuwa tunangoja wewe umwambie ainuke. Tulingoja sana.”

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na ile sarara mikononi. Akasema, “Waitu, mimi mwenyewe magoti yangu yamechakaa. Tutakaa wote kwenye vigoda.” Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionivunja.

Basi nikarudi. Nikalia ndani ya basi la watu, mimi mchinjaji wa Muleba, na mama mmoja mwenye kuku akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akanipa pole hata hivyo.

Njia nzima nilikuwa napanga yale magoti sita. Wageni walijua. Nawe ulijua kwamba wanajua. Mama yako, nilimuuliza usiku ule, naye alijua. Mle sebuleni mtu ambaye hakujua ni mmoja tu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kikubwa. Kwa hiyo hukuwapigia magoti wao. Ulikuwa unanipigia mimi. Ulikuwa bado mlangoni, una miaka kumi na miwili, unangoja maharage yaishe.

Nisamehe, mwana wange. Nimeandika hata neno hili moja la kwetu, ujue si Kiswahili peke yake kinachosema.

Ushauri sina mwingi, na ninao mdogo nimeununua kwa mwili wako, si haki nikuuzie tena. Ile dawa ya ukingoni mwa kitanda usiiache. Mama yako anasema hata sasa inakulegeza, na siku unazoifanya unafika jioni ukiwa na uso wa asubuhi. Mwambie Daudi aweke kiganja chini ya kisigino, na jirani akipita akicheka, Daudi asitoe mkono. Ukichoka, sema umechoka. Usingoje mtu akupe ruhusa, wengine tunachelewa. Na Mungu akikupa mtoto, siku moja akatua mtungi njiani, muulize kwanza anaumwa wapi. Muulize umekaa chini, usimame baadaye. Hofu ikiingia mle ndani haionekani kwa nje, mpaka mtu apasuliwe.

Sasa habari ya kiti. Unajua desturi. Kesho, kabla hujatoka, baba huketi kwenye kiti chake mbele ya watu, binti akaja akapiga magoti kuagwa, baba akamwekea mikono. Shangazi zako wamekuambia ukae magotini mpaka niseme yote, na mimi ninajulikana kwa kusema mengi. Kiti chenyewe kiko hapa kibandani, kimelala chini ya gogo, na nikitoka nafunga mlango na ufunguo unalala mfukoni mwangu. Kesho watanitafutia kiti kingine, wazee wataniambia naleta mambo mapya. Waache. Kama hakuna aliyeketi, hakuna wa kupigiwa magoti.

Utanikuta mlangoni pa nyumba yetu, pale pale pa maharage, nimesimama. Njoo mpaka karibu nami, usimame. Ukisikia kiuno kinajifunga, shika bega langu, vuta pumzi mpaka tumboni kama alivyosema yule dresa, tungoje pamoja mpaka kilegee. Basi la Bukoba litasubiri, dereva hula nyama yangu. Sitasema mengi. Na tangu utakapotoka chumbani mpaka utakaponifikia, nitajitahidi nisikohoe.

Baba yako